Twiga wa Kaijage

Mume wangu Rugemalira si mlevi, si mpigaji, wala hatembei na wake za watu. Nasema haya mapema, kwa sababu nikianza kumsimulia watu hudhani niliolewa na jambazi. La, niliolewa na karani. Ni karani wa ghala la kahawa hapa Bukoba mjini, hurudi nyumbani Kagondo jioni na shati lake jeupe vilevile, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: stempu.

Ndiyo, stempu. Vile vikaratasi vya kubandika kwenye barua. Mwingereza mmoja aliyekuwa akinunua kahawa ghalani ndiye aliyemtia ugonjwa huo. Alimpa albamu na kibano kidogo cha chuma, akamfundisha kazi: unaloweka stempu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka gundi yote iachie, unaisuuza nyuma iwe safi kabisa, unaikausha, unaipanga. Wala usiishike kwa vidole. Siku moja nilitaka kuitazama moja kwa karibu, akanidaka mkono kama mwizi. "Alistidia! Vidole vyako vina mafuta!" Vidole hivihivi vilivyommenyea ebitoke, ndizi anazokula kila siku. Nilimwambia basi leo kale stempu zako, na usiku ule alilala na chai.

Alizokuwa anazitafuta ni za Tanganyika tu. Za Wajerumani hakuzitaka, za Uganda alizigawa. Waingereza walipoichukua nchi walitoa stempu zenye kichwa cha twiga, baadaye zikaja zenye kichwa cha Mfalme. Kisha mwaka ule wa 1935 zikatoka stempu mpya za Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, na Tanganyika ikawa haina tena stempu zake peke yake. Watu wengine hata hawakutambua. Lakini Rugemalira alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amechangamka kama mtu aliyepata mapacha.

"Zimefungwa, mke wangu! Hazitoki nyingine. Sasa mtu anaweza kumaliza nchi nzima!"

"Akishamaliza anapata nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepungukiwa.

Basi akazipanga zote, na ikabaki moja. Hata ile ya pauni, ambayo watu wanasema hawajawahi kuiona, Mwingereza wake alikwisha kumpa. Iliyokuwa inamtoroka ni twiga wa shilingi tano. Kwenye ukurasa wa twiga palikuwa na pengo, naye kila jioni alifungua ukurasa huo akalitazama, kama mtu anayepapasa pengo la jino kwa ulimi.

Mae waitu, kumbe alikuwa anajua pa kuipata.

Sasa hapa inabidi nimtaje kaka yangu. Kaijage alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu kule Nshamba. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge pamoja na rafiki yake Mujuni, enzi zile vijana wetu walipokuwa wanakimbilia huko. Alituma kifurushi kimoja tu maisha yake yote: koti la baba na blanketi la mama, vimeshonewa ndani ya kitambaa cha amerikani, na juu ya kitambaa kuna kipande cha karatasi chenye jina na twiga wa shilingi tano. Baadaye homa ikamchukua. Mujuni alirudi peke yake na habari, na wenzetu wa huko walikuwa wamekwisha kumzika kwenye udongo wa watu.

Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, chini ya migomba yake, ili watoto wake wapite juu yake wakienda kukata ndizi. Asipozikwa hapo, anakuwa kama hajafika. Mama alitaka afanyiwe mazishi hata kwa kitu chake, lakini baba alikataa katakata. "Sijaona maiti," alisema, na alishikilia neno hilo mpaka naye akafa. Ndipo ukoo ulipokwama. Mdogo wetu Clavery hawezi kukalishwa kwenye kiti cha baba na kukabidhiwa kibanja wakati kaka yake mkubwa hajazikwa popote. Wazee wakaanza kujadiliana, na wazee wakijadiliana unajua mambo yalivyo. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, inakwisha, maneno hayaishi.

Kwenye msiba huo wa baba ndipo mume wangu alipoiona. Nyumba ilikuwa inavuja, tukatoa vitu vya mama nje vianikwe, na kile kitambaa cha amerikani kikaanikwa pia. Watu wanalia, mimi nagaragara chini kwa ajili ya baba yangu, na mkwe wa nyumba amesimama mbele ya kamba ya nguo anatazama twiga! Sikujua wakati ule. Angalau alikuwa na haya ya kusubiri matanga yaishe.

Yalipoisha, akaniambia twende Nshamba kumsalimia mama. Akanunua chumvi, sabuni na mguu wa mbuzi. Mimi mjinga nikafurahi, nikawaambia majirani nina mume anayejali wakwe. Tulipofika akasimama uani, kwa sababu mkwe mwanamume haingii alipo mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Akitaka neno, linapita kwa mtu mwingine. Siku hiyo lilipita kwa Clavery.

"Mwambie mama," alisema, "ninaomba kile kitambaa chenye twiga. Hapa kuna mchwa na mvua. Kwangu kitatunzwa vizuri."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nataka mtu aelewe. Mkwe akiomba kitu, kwetu hanyimwi. Ukimnyima umemdharau, na umemrudishia binti yako nyumba yenye kinyongo. Kwa hiyo mkwe mwenye adabu haombi. Anasubiri apewe. Rugemalira alilijua hilo vizuri kuliko mimi, maana baba yake alikuwa mshenga wa nusu ya watu wa Kagondo. Alijua kwamba mlango ule haufungwi, ndiyo maana akaugonga.

Clavery akaingia ndani na neno hilo. Kisha akatoka Clavery, kitambaa kimekunjwa vizuri, juu yake zimewekwa punje za kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Mama anasema akiweke juu, panya wasikifikie," alisema Clavery. "Na anamshukuru mkwe kwa kufikiria."

Njiani nilimsema mpaka Muleba. Nilimwambia umemnyang'anya mjane. Akajibu kwa sauti yake ile ya ukarani kwamba kitambaa kingeliwa na mchwa bure, na kwamba mama mwenyewe ameshukuru, tena ametoa kahawa. Kweli alikuwa ametoa. Nikabaki nanuna.

Kesho yake aliomba maji ya uvuguvugu. Nikamchemshia, nikamwekea kwenye bakuli la bati. Akabandua kile kipande cha karatasi kwenye kitambaa, akakiloweka, akasubiri, akamsukuma twiga taratibu kwa kibano mpaka akaachia, akaelea. Akamgeuza, akamsuuza mgongo mpaka gundi yote ikatoka na maji yakawa na utelezi. Jioni, alipokauka, akampachika kwenye pengo.

Nisiseme uongo. Nilisimama nyuma yake nikaona. Safu za twiga zimejaa, hakuna tundu, kisha ukurasa wa pili Mfalme na Mfalme na Mfalme, mpaka mwisho. Rugemalira aliweka mikono yake mapajani, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Imetimia," alisema. "Nchi nzima, Alistidia. Hakuna inayokosekana." Macho yake yalikuwa na machozi. Nami, pamoja na hasira zangu zote, nilimfurahia. Mume wako akifurahi namna ile utafanyaje? Nikachukua bakuli, nikamwaga yale maji kwenye mgomba wa nyuma ya jiko, unaokunywa maji yangu yote machafu, nikaenda kupakua chakula.

Jumapili iliyofuata akaalika watu baada ya ibada. Alikuja mwinjilisti Anatory, wakaja makarani wenzake, akaja pia jirani yetu Jovitha ambaye hakualikwa ila hakosi. Rugemalira alivaa suti. Aliifungua albamu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe na kuwaambia watu wazima wafiche mikono mgongoni. Wakaficha! Mwinjilisti akasema kweli subira huvuta heri. Mume wangu akacheka, akasema, "Subira, na mama mkwe mwema."

Hapo ndipo nilipomwona Clavery anakuja kutoka njiani, na nyuma yake mama.

Mama mkwe haji hivihivi kwa mkwe wake. Nikajua kuna jambo. Nikamzungusha kwa nyuma nikamwingiza jikoni, nikamtandikia majani, nikapiga magoti kumsalimia. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, lakini uso wake ulikuwa umetulia namna nisiyoiona tangu nikiwa msichana.

"Wazee wamekubali," aliniambia. "Alhamisi tunamzika kaka yako, na Clavery anakalishwa. Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani, mama?"

"Kaijage."

Nikafikiri uzee umeanza. Nikamjibu polepole kwamba Kaijage yuko Tanga.

"Tanga kuna mifupa," alisema. "Mujuni alinieleza siku ile aliyoleta habari. Walikwenda posta pamoja. Karani akamsukumia Kaijage sponji yenye maji aloweshe stempu, maana ndivyo wanavyofanya. Kaijage akaikataa. Akatoa ulimi wake, akamlamba twiga mgongo mzima, posta yote ikacheka. Akasema, 'Acheni mate yangu yamfikie mama.' Na yamenifikia. Mwilini mwake hakuna kingine kilichorudi nyumbani, mwanangu. Nimemtunza miaka yote hiyo mpaka baba yako akubali, hakukubali. Mkwe aliposema kwake hakuna mchwa, nikasema moyoni, mtoto huyu ana akili, amenisaidia kumhifadhi. Kalete basi."

Jamani.

Sikuona huzuni kwanza, niliona aibu. Nilimwona kaka yangu kwenye lile bakuli la bati. Nilikiona kiganja changu mwenyewe kinalitikisa ili utelezi wote utoke. Nimemmwaga Kaijage juu ya maganda ya ndizi, na kesho yake nikamwagia juu yake maji ya masufuria, na keshokutwa maji ya kunawia, na mama yangu amekaa hapa ananitazama akisubiri nimletee.

Nilikwenda sebuleni nikamwinamia Rugemalira sikioni, nikamweleza yote kwa Kihaya cha haraka. Alikuwa ameshika kibano. Nilimwona anavyobadilika, kuanzia shingo. Kibano kikamtoka kikaanguka juu ya albamu, na yeye mwenyewe hakukiona. Jovitha akanyoosha shingo.

"Mwambie..." alianza. "Mwambie mama sikujua."

Nikapeleka jikoni: hakujua.

"Hakujua nini?" mama akauliza.

Nikamwambia. Nilitafuta maneno mazuri, hayakuwapo. Nikasema stempu huoshwa, mama, ndivyo wanavyofanya, ameiosha nyuma, gundi yote imetoka. Mama hakupiga yowe. Alijifunika uso kwa kitenge chake, akakaa hivyo, na mimi nikatamani anizabe kofi.

Nikarudi sebuleni. "Nimemwambia," nikasema, na safari hii sikunong'ona. Kila mtu alisikia. "Nimemwambia mama kwamba umemwosha kaka yangu, na mimi nimemmwaga."

Rugemalira alisimama, akapita katikati ya wageni wake na suti yake, akatoka uani, akapiga magoti nje ya mlango wa jiko. Hakuthubutu kuchungulia. Aliongea na ukuta.

"Mama, mimi ni mtu bure. Niliomba kitu nisichostahili kuomba, nikijua hutaninyima. Kama kungekuwa na njia ningeifuata. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

Watu wote walikuwa wamekusanyika mlangoni. Humo jikoni mama akaondoa kitenge usoni.

"Alistidia," aliita. "Yalimwagwa wapi?"

"Nyuma hapo, mama. Kwenye mgomba."

"Mgomba upo?"

"Upo."

"Basi yanazoleka. Clavery, lete jembe."

Clavery alileta jembe, lakini Rugemalira akalichukua mikononi mwake. Nilimwonyesha mahali. Mama alisimama kando amempa mgongo, kwa heshima ya ukwe, hata saa hiyo. Mume wangu akaondoa maganda na masizi ya masufuria yangu, mbele ya mwinjilisti na makarani wenzake, nami nilitamani kuyafunika yale maganda kwa kanga yangu. Akaanza kuchimba, anaweka udongo kwenye kikapu cha kuvunia kahawa. Ulipofunika chini ya kikapu akasimama.

"Muulize mama," aliniambia, "kiasi gani kinatosha."

Mama alijibu mwenyewe, bila kugeuka. "Alikuwa mtu mzima."

Rugemalira akainama tena. Alichimba mpaka suti ikachanika kwapani, mpaka mizizi ikaonekana, mpaka kikapu kikajaa na kingine kikajaa. Mwinjilisti Anatory akavua koti akataka kumsaidia, akakataa. Nikatoa sandukuni kile kitambaa cha amerikani, tukafunika nacho. Wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na albamu ikabaki mezani imefunguka.

Tulipata lori la kahawa mpaka Muleba. Kutoka hapo ni miguu. Clavery akabeba kikapu kimoja, Rugemalira akajitwisha kingine kichwani. Mwanamume mwenye viatu, karani wa ghala, amejitwisha kikapu kama mwanamke anayetoka shambani, na udongo wenye maji ya jikoni kwangu unamchuruzika shingoni. Watu wa njiani walikuwa wanauliza mnapeleka mbegu gani. Mimi nilitembea nyuma nimeinamisha kichwa, na kila aliyetusalimia nilimwitikia nikitazama miguu yake.

Alhamisi tukamzika. Wazee walikwisha kuambiwa, na habari kama hiyo haina miguu ila ina mbawa. Nshamba yote ilikuwa inajua kwa nini Kaijage ameletwa kwa kikapu. Wanawake waliokuwa wakinifariji walikuwa wakinitazama mikono. Ukoo ulimwaga ule udongo kwenye kaburi lenye urefu wa mtu, chini ya migomba ya baba, wakatandika amerikani juu, wakafukia. Mama alilia kilio chake chote siku hiyo, kile alichokatazwa na baba, na alipomaliza akaomba kahawa ya kutafuna. Clavery akakalishwa.

Kabla hatujaondoka, Rugemalira alisimama uani palepale aliposimama siku ile ya kuomba. Akatoa bahasha mfukoni mwa shati. Twiga alikuwa humo.

"Mpelekee mama," alimwambia Clavery. "Mwambie narudisha. Mwambie naomba anisamehe."

Clavery aliingia. Nilimsikia mama anauliza, na Clavery anaeleza. Kisha akatoka na bahasha ileile, na juu yake zimewekwa punje za kahawa, kama mara ya kwanza.

"Mama anasema hiki ni kikaratasi tu, hakina mtu ndani yake. Mwanawe anaye. Anasema mkwe achukue, akamalizie kitabu chake."

Rugemalira alinitazama, anaomba msaada. Nimsaidie nini? Zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna zile kahawa zote.

Nyumbani aliipachika mahali pake, maana ndivyo alivyoagizwa. Ipo hadi leo. Tanganyika yote ipo, twiga wote na Wafalme wote. Yule Mwingereza wake alipopita tena Bukoba alikuja mpaka Kagondo na mke wake kuitazama. Nikawapikia chai. Akauliza, haya, Rugemalira, umekwisha kuimaliza nchi yako?

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya kiti, na albamu iko kabatini nyuma yake, imefungwa kwa ufunguo.

"Bado, bwana," alisema. "Inakosekana moja."